Eksrei ya kiwiko: "mfupa ni mzima" lisiwe neno la mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu wa maembe uliopita, nalo ni namna picha za eksrei za kiwiko, au kisugudi kama wengi wetu tunavyokiita, zinavyosomwa kwa haraka na kutolewa hukumu ya mwisho siku ileile, hasa zinapokuwa picha za watoto. Nimepiga picha za eksrei hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu. Kusoma picha na kuandika ripoti ni kazi ya daktari, wala sidai cheo nisicho nacho, lakini mpiga picha aliyedumu katika kazi hii hujifunza kuona, na ninayoyaeleza hapa si siri ya mtu bali ni mambo yanayofundishwa darasani.

Mjukuu wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 6, alianguka kutoka kwenye mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu Kisauni, akajikinga kwa mkono wa kushoto ulionyooka, kama afanyavyo karibu kila mtoto anapoanguka. Mimi sikuwapo, nilikuwa Lamu kwenye mazishi ya jamaa. Mama yake alimpakia kwenye tuktuk akamfikisha katika kituo kimoja cha matibabu, akapigwa picha mbili, na baada ya dakika chache tabibu wa zamu akaziinua, akazitazama, akasema, "Mama, usiwe na wasiwasi, mfupa ni mzima." Wakapewa dawa ya maumivu, wakarudi nyumbani. Na kwa kuwa mfupa ulikuwa mzima, nyumbani walifanya ambalo familia nyingi za pwani zingelifanya: waliona ni mshipa uliostuka, wakampeleka mtoto kwa mzee anayejulikana mtaani kwa kuchua, akachuliwa kwa mafuta ya simsim asubuhi tatu mfululizo, akilia mpaka sauti ikamkauka.

Nilirudi siku ya sita. Nilikuta kiwiko kimefura na mtoto amekikunja kifuani kama ndege aliyeumia bawa, hataki kiguswe. Niliomba bahasha ya kituo kile, nikaisimamisha filamu mbele ya dirisha palipo na mwanga mkali, nikaitazama kwa muda mrefu. Ufa sikuuona, na ningependa wasomaji wako walishike hilo, kwa sababu tabibu yule hakudanganya aliposema hakuuona. Nilichokiona ni kivuli cheusi chenye umbo la pembetatu mbele ya mfupa, na nyuma yake mwale mwingine mweusi, mwembamba, ambao haukupaswa kuwapo.

Kiwiko hukutanisha mifupa mitatu: mfupa wa juu wa mkono na mifupa miwili ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Yote imefungwa ndani ya mfuko mmoja, na katika ukuta wa mfuko huo mna mafuta, mengine mbele ya mfupa wa juu na mengine nyuma yake. Miale ya eksrei hupita kwenye mafuta kwa urahisi zaidi kuliko inavyopita kwenye nyama, kwa hiyo mafuta huonekana meusi kuliko misuli iliyo kando yake. Kiwiko kisicho na dhara kikipigwa picha kwa ubavu, mafuta ya mbele huonekana kama mstari mwembamba mweusi uliolala karibu kabisa na mfupa, na yale ya nyuma hayaonekani kamwe, kwa kuwa yamejificha katika shimo lile ambamo ncha ya kisugudi huingia mkono unaponyooshwa. Mfupa ukipata ufa ndani ya kiungo, hata uwe mwembamba kama unywele, damu huvuja ndani ya mfuko, mfuko ukafura, na mafuta yakasukumwa kutoka mahali pake. Ya mbele huinuka yakatanuka kama tanga la jahazi lililoshika upepo wa kusi, na kweli wataalamu huiita hiyo dalili ya tanga. Ya nyuma hutoka mafichoni. Mafuta ya mbele yakionekana kidogo mtu anaweza kuyatolea udhuru, lakini ya nyuma, katika kiwiko kilichokunjwa sawasawa, hayana udhuru: kiungo kimejaa kitu, na kwa mtoto aliyetoka kuanguka kitu hicho kwa kawaida ni damu.

Elimu hii si ya jana. Mtaalamu wa eksrei aitwaye Norell aliieleza mwaka 1954. Mwaka 1999, nchini Marekani, madaktari Skaggs na Mirzayan walichapisha uchunguzi wa watoto 45 walioumia kiwiko, ambao picha zao za kwanza hazikuonyesha mvunjiko wowote ila mafuta ya nyuma yalionekana. Waliwapiga picha tena baada ya majuma kadhaa, na watoto 34, yaani asilimia 76, wakaonekana wana mfupa unaounga, ishara kwamba ulikuwa umevunjika tangu siku ya kwanza. Zaidi ya nusu ya hao 34 walikuwa wamevunjika pale juu kidogo ya kiungo, sehemu ambayo ndiyo huvunjika mara nyingi kwa watoto wanaoangukia mkono. Watoto watatu kati ya kila wanne. Mzazi wa Kongowea au Changamwe akielezwa hivyo hawezi kukubali mwanawe achuliwe.

Kwa nini ufa ujifiche kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima? Ni kwa sababu sehemu kubwa ya kiwiko cha mtoto mdogo bado ni gegedu, yaani mfupa mwororo ambao haujawa mgumu, na gegedu haionekani kwenye eksrei. Mtoto wa mwaka mmoja huonyesha nukta moja tu ya mfupa katika eneo zima la kiungo, kisha nukta nyingine huongezeka kwa mpangilio unaojulikana, takriban kila baada ya miaka miwili, hadi zikawa sita mnamo umri wa miaka 11, wasichana wakitangulia kidogo. Kwa mtoto wa miaka 6 kama mjukuu wangu tungetarajia nukta tatu: ile kubwa ya mviringo iliyo upande wa nje mwishoni mwa mfupa wa juu, ile ya kichwa cha mfupa wa upande wa gumba, na ile ya upande wa ndani wa kiwiko. Nukta ya nne, iliyo katikati, kwa kawaida huja mnamo miaka 7. Mpangilio huu si wa kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Kiwiko kikiteguka, nukta ya upande wa ndani inaweza kung'olewa mahali pake ikanaswa ndani ya kiungo, na hapo ikaonekana kama ndiyo nukta ya nne. Asiyejua kuwa ya tatu lazima itangulie ya nne atasema kila kitu kipo, kumbe kimoja kimehama.

Kuna pia mistari miwili ambayo msomaji makini huichora kwa jicho kabla hajasema neno. Wa kwanza huchorwa kwenye picha ya ubavu kufuata ukingo wa mbele wa mfupa wa juu, na ukishuka unapaswa kuikata ile nukta kubwa ya mviringo katika theluthi yake ya kati, ijapokuwa kwa watoto wa chini ya miaka 4 unaweza kupita mbele zaidi. Ukipita mbele ya nukta bila kuigusa, mwisho wa mfupa umeinama kwenda nyuma, na hapo kuna mvunjiko hata kama ufa hauonekani. Wa pili hufuata katikati ya shingo ya mfupa wa upande wa gumba, nao unapaswa kuielekea nukta hiyohiyo katika kila picha, kwa upande wowote ilipopigwa. Ukikosa, kichwa cha mfupa kimetoka mahali pake, na inampasa daktari autazame mfupa wa pili wa kigasha kwa urefu wake wote, kwa sababu majeraha hayo mawili husafiri pamoja. Daktari wa upasuaji Monteggia wa Milan, Italia, aliyaeleza mwaka 1814, zaidi ya miaka 80 kabla Röntgen hajagundua miale ya eksrei mwaka 1895, na bado yanatuponyoka.

Sitaki kuwatwika matabibu mzigo wote, kwa maana picha mbaya humdanganya hata msomaji hodari, na hapo lawama ni yetu sisi wapigaji. Picha ya ubavu ya kiwiko lazima ipigwe kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, bega, kiwiko na kifundo cha mkono vikiwa kwenye usawa mmoja juu ya meza, kidole gumba kikielekea juu. Kiwiko kikipigwa kikiwa kimenyooka, ncha ya kisugudi huyasukuma mafuta ya nyuma yakaonekana hata pasipo na dhara lolote. Kikipigwa kimepinda upande, ule mstari wa kwanza hupotoka. Najua ilivyo vigumu: mtoto analia, mama analia, foleni iko mlangoni, na mkono wenyewe unauma kuinuliwa. Hata hivyo ni afadhali mpiga picha amketishe mtoto kwenye kiti kifupi mpaka bega lishuke usawa wa meza, au amwombe mama akae naye baada ya kuvishwa aproni ya madini ya risasi inayozuia miale na kuhakikishwa kuwa hana mimba, kuliko kumkabidhi tabibu picha isiyosomeka.

Jambo jingine limeingia siku hizi. Picha hupigwa kwa simu kutoka kwenye skrini au kwenye filamu, ikatumwa kwa WhatsApp kwa daktari aliye mbali ili atoe maoni. Kwa mfupa uliovunjika vipande viwili hilo husaidia, nami silipingi. Lakini kivuli cha mafuta ni kitu chepesi mno, kati ya kijivu na nyeusi, na kamera ya simu hukimeza. Mitambo ya kisasa humruhusu msomaji kubadilisha mwanga na weusi wa picha mpaka nyama na mafuta vitengane, na hilo huchukua muda mfupi kwa anayekumbuka kulifanya. Nilihudumu zama za filamu, tulipokuwa tukiitafuta ile taa kali ya pembeni kwa ajili ya sehemu zilizoungua kwa weusi, na naona uchungu kwamba chombo kimekuwa bora ilhali mazoea ya kutazama nje ya mfupa yanafifia.

Dalili ya tanga haimaanishi mvunjiko kila mara. Maji ya ugonjwa wa baridi yabisi huweza kuinua mafuta hayohayo, na usaha pia. Mtoto mwenye homa na kiwiko kilichofura ambaye hakuanguka popote anahitaji hospitali siku hiyohiyo, kwani usaha huila gegedu kwa kasi. Kinyume chake, mafuta yakikaa mahali pake si ruhusa ya kusema hakuna dhara, maana mfuko wa kiungo ukipasuka damu hutawanyika kwenye nyama na tanga halipandi, na mivunjiko mingine iko nje ya mfuko kabisa. Tena kuna wale watoto wadogo, kati ya mwaka mmoja na minne hivi, ambao huvutwa mkono ghafla wakati wa kuvuka barabara au kupandishwa kwenye matatu, mkono ukalegea ubavuni, na tabibu aliyefunzwa huurudisha kwa kuugeuza mara moja. Hao mara nyingi hawahitaji picha hata moja.

Kwa watu wazima sura ya mambo hubadilika kidogo. Kinachoficha ufa mara nyingi ni kichwa cha ule mfupa wa upande wa gumba, na wagonjwa wake ni kina mama walioteleza kwenye ngazi zenye maji na vijana walioanguka na bodaboda. Mtu mzima asiyeweza kukinyoosha kiwiko chake mpaka mwisho baada ya kuanguka anastahili picha, na picha ikionyesha tanga bila ufa, atendewe kama aliyevunjika mfupa bila mifupa kuachana. Lakini asitiwe plasta mwezi mzima, kwa kuwa kiwiko hukakamaa upesi kuliko viungo vingi. Kwake yeye kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni kwa siku chache, kisha kuanza kukikunja na kukikunjua taratibu mwenyewe, huwa ndiyo tiba. Mtoto hutiwa plasta ya upande mmoja, ile isiyouzunguka mkono wote, akarudi baada ya siku 7 hadi 14 kwa picha ya pili, ambayo huonyesha mfupa mpya ukianza kuota kando ya ufa uliokuwa umejificha.

Kuna mvunjiko mmoja wa watoto unaonitia hofu kuliko yote, nao ni wa upande wa nje wa mwisho wa mfupa wa juu. Mkato wake hupita zaidi kwenye gegedu, hivi kwamba filamu huonyesha kipande chembamba cha mfupa, kama ganda la ukucha, au isionyeshe kitu. Ukiachwa, mara nyingine hauungi kabisa. Mtoto hukua na mkono uliopinda kwenda nje, na miaka mingi baadaye mshipa wa fahamu upitao nyuma ya kiwiko, ule unaotupiga kama umeme tunapojigonga, huanza kuvutika mpaka vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi na kukosa nguvu. Mgonjwa huyo akifika hospitalini akiwa na miaka 25, hakuna anayeikumbuka ile siku aliyoanguka mperani.

Sasa nije kwenye kuchua, kwa sababu hapo ndipo kauli ya "mfupa ni mzima" inapoleta madhara yake makubwa zaidi. Sina chuki na wazee wetu wanaochua, na wengi wetu tumelelewa mikononi mwao. Lakini kiwiko kilichojaa damu kikisuguliwa na kuvutwa kwa nguvu, mfupa uliokuwa na ufa tu unaweza kuachana, na misuli iliyo mbele yake inaweza kuota mfupa ndani yake, ukakifunga kiungo kisikunjike wala kisinyooke. Mkono ukifungwa vijiti kwa kitambaa cha kukaza, hatari ni kubwa zaidi: damu hukosa njia, misuli ya kigasha hufa, na vidole hujikunja daima kama makucha, hali ambayo daktari wa upasuaji Volkmann wa Ujerumani aliielezea mwaka 1881. Mzazi akiona mtoto analia zaidi vidole vyake vinaponyooshwa, au vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, kitambaa kifunguliwe papo hapo na mtoto akimbizwe hospitalini, hata kama ni usiku wa manane na hata kama plasta yenyewe ilitiwa na daktari.

Mzee aliyemchua mjukuu wangu nilimwendea baada ya picha ya pili. Nilikwenda na filamu zote, ile ya siku ya kwanza na ile ya juma la tatu iliyoonyesha mfupa mpya ukiota juu kidogo ya kiungo kama ukungu mweupe, nikamwonyesha dirishani kwake. Alikaa kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, wao waliniambia hospitali imesema mzima. Mimi ningejuaje?" Sikuwa na jibu, kwa maana alisema kweli. Tangu hapo, akiletewa mtoto mwenye kiwiko kilichofura, huwarudisha wazazi bila kumgusa.

Ombi langu kwa matabibu na madaktari wa kaunti yetu ni kuhusu maneno wanayoyaandika na kuyatamka. Kusema "sioni mvunjiko, lakini kuna damu ndani ya kiungo, kwa hiyo tutamhesabu kuwa amevunjika mpaka picha ya pili ituambie vingine, na asichuliwe" ni sentensi moja tu. Iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya kurudi, si maneno ya "ukiona shida urudi," kwa sababu mzazi aliyeambiwa mfupa ni mzima hataona shida, ataona ni mshipa tu uliostuka. Na pale kituo kisipokuwa na daktari bingwa wa kusoma picha, ambavyo ndivyo ilivyo katika vituo vingi vidogo, mpiga picha aliyeliona tanga aruhusiwe kuliwekea alama kabla filamu haijatoka chumbani kwake, na tabibu asione kwamba amevunjiwa heshima.

Kwa wazazi, ninaomba mwulize kwa adabu kabla ya kutoka: "Daktari, mafuta ya nyuma ya kiwiko yanaonekana?" Swali hili halimkosei mtu heshima. Huenda likamfanya aisimamishe filamu tena mbele ya mwanga. Na bahasha ya picha msiitupe, kwani picha ya pili husomwa vizuri zaidi ikiwekwa kando ya ya kwanza.

Mjukuu wangu amerudi shuleni. Kiwiko chake kinakunjika vizuri, ila hakijanyooka sawa na mwenziwe, na daktari wa mifupa ametupa tarehe nyingine ya kukipima mwezi ujao.

Wako mwaminifu,
Mpiga picha za eksrei mstaafu,
Kisauni, Mombasa.